Ulitoka mzima kwa macho ya nani?

Tangu niandike juu ya daftari la baada ya ajali, maswali yamenijazia simu. Kwa aliyekosa: ni kaunta buku ya kawaida. Kila jioni unaandika mistari minne mitano. Wapi panauma, na kwa kiasi gani kati ya 0 na 10. Umelala kwa saa ngapi. Umemeza dawa gani, ngapi. Nini kimekushtua. Na kitu gani umeshindwa kufanya leo ambacho kabla ya ajali ulikuwa ukikifanya bila kufikiri. Basi. Nimekuwa muuguzi wa mapokezi ya majeruhi kwa miaka 22, na ninaowakumbuka sana ni wale waliorudi wiki ya tatu, daktari akiwauliza "ilianza lini?" wanatazama dari.

Swali: Shikamoo mama. Naendesha bajaji, Mbagala. Jumamosi gari dogo lilinigonga kwa nyuma. Nilishuka mwenyewe, nikagombana na mwenye gari, nikarudi kazini. Jumatatu nimeamka shingo haigeuki. Eksirei haina kitu. Maumivu yametoka wapi siku ya tatu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Yametoka Jumamosi ileile. Wakati unagombana mwili ulikuwa umejaa adrenalini (homoni ya mshtuko inayofunika maumivu), na mwenye adrenalini anaweza kutembea hata na mguu uliovunjika. Shingo iliyorushwa mbele na nyuma kwa kawaida huanza kukaza baada ya saa 12 hadi siku 3, misuli na kano zikishavimba. Eksirei inaonyesha mifupa. Msuli uliochanika haumo. Kwa hiyo "haina kitu" maana yake hakuna mfupa ulioonekana umevunjika, wala haina maana kwamba unajidekeza, kama bosi wako atakavyosema.

Geuza shingo taratibu, kulia na kushoto, mara kadhaa kwa siku kwa kadiri inavyokuruhusu. Meza paracetamol kwa kipimo. Usijifunge kola wiki nzima, maana misuli inalegea na shingo inachelewa kupona. Ganzi mikononi, mkono kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri au mkojo kutoka bila habari: hiyo ni hospitali usiku huohuo.

Na shingo hiyo usimpe kinyozi. Najua ile taulo ya moto, kupapaswa kichwa, halafu anakushika kidevu na kukuvunja ka! huku na ka! kule, bure ndani ya bei ya kunyolewa. Kuna mishipa ya damu inayopanda ubongoni kupitia shingoni, ikichanika inaleta kiharusi. Akikushika kidevu, simama.

Swali: Mama kichwa kinauma tangu ajali nitumie dawa gani

Jibu: Ajali ya lini? Ulizimia au hukuzimia? Una miaka mingapi? Kinazidi au kinapungua? Meseji za aina hii wiki hii ni 11, na mimi si mganga wa kupiga ramli. Kama kinazidi, unatapika, unasinzia kupita kawaida, maneno yanakwama au umepata degedege, usisubiri jibu la mtu yeyote. Ondoka sasa hivi.

Swali: Nilipata ajali ya bodaboda mwezi wa tano wakaniambia ubongo umetikisika tu. Ni miezi minne sasa, kila siku nameza vidonge viwili vitatu vya maumivu na kichwa hakiachi. Niongeze dozi?

Jibu: Huyu ndiye aliyeuliza vizuri. Usiongeze. Inawezekana kabisa kwamba sasa vidonge ndivyo vinavyokuumiza kichwa. Anayemeza paracetamol siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa yenye kodeini au tramadoli siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kuzalisha maumivu mapya ya kichwa yanayotulia kidogo kwa kidonge halafu yanarudi kudai kingine. Hesabu siku zako, uende nazo kliniki. Ikiwa ni tramadoli, usiikate ghafla peke yako.

Nikiwa hapohapo: mnaochomwa sindano ya diklofenaki duka la dawa kila mwisho wa wiki "ili nikaze kazini", muulize anayechoma kama amekupima presha na kama amekuuliza habari za figo na vidonda vya tumbo. Hajauliza. Na maumivu yaliyofunikwa kwa sindano hayamwambii daktari kitu.

Swali: Mimi ni mwalimu, Morogoro. Miezi miwili iliyopita basi letu lilipinduka, wawili walifariki, mimi nilitoka bila hata mkwaruzo. Tangu hapo breki zikilia jasho linanitoka. Naota ileile. Shuleni naenda kwa miguu saa nzima. Mume anasema nimshukuru Mungu niache kulia. Mama mkwe anasema nimeingiwa, ameshaleta kombe.

Jibu: Pole mwalimu. Kombe kunywa ukitaka. Sina ugomvi na dua, nina ugomvi na watu wanaomaliza miezi minane kwenye dua ndipo wakumbuke kliniki.

Unayoyaeleza yana jina, kiwewe, na yana hesabu yake. Wiki 4 za mwanzo, kuota ajali, kushtuka, kulia ovyo, kukosa hamu ya kula ni mambo ya kawaida, na watu wengi yanawaacha yenyewe. Yakivuka mwezi na bado yanakuzuia kuishi unavyoishi, yanahitaji mtaalamu. Wewe una miezi miwili. Daktari atatafuta mambo ya aina nne: ajali kujirudia kichwani au ndotoni, kukwepa kila kinachoikumbusha (ile saa nzima ya miguu), moyo kuwa mzito na kujilaumu, na mwili kukaa macho kama mlinzi asiyebadilishwa zamu. Hivyo ndivyo vya kuandika. "Nilijisikia vibaya" haimsaidii mtu.

Nikuonyeshe daftari langu. Na mimi basi lilinilaza bondeni, Novemba moja, njia ya Iringa, na nilitoka nikijisifu hivyohivyo, bila hata mkwaruzo. Wiki ya 5 nimeandika: "Shingo 3. Nimelala kwa saa 4, nimeamka mara 2. Lori limepiga breki kona ya soko, nimejikuta nimekaa chini, nyanya zimemwagika. Dakika 20 kutulia. Sijapanda gari." Wiki ya 9: "Breki tena. Nimesimama tu. Dakika 5. Nimepanda daladala kituo kimoja, nimeshuka, nimetembea." Bila zile dakika 20 na 5 ningeapa kwamba sijapona hata kidogo, maana siku hiyo ya pili nililia pia.

Kile kituo kimoja ni sehemu ya tiba yenyewe. Kukwepa kunaipa hofu chakula. Unaanza kusimama stendi dakika 10, kesho unakaa ndani ya gari lililosimama, baadaye kituo kimoja ukiwa na mtu unayemwamini. Lakini kwa hali yako fanya hivyo na mtaalamu. Nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza ushauri nasaha unaohusu kiwewe. Mara nyingi ni vikao 8 hadi 12 hivi. Na hakuna atakayekupeleka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Nalisema hili kila mwezi.

Mambo mawili ya kukataa. La kwanza, vidonge vya usingizi aina ya valiamu ambavyo jirani "alipewa na vikamsaidia". Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilionya visitumike kutuliza kiwewe katika mwezi wa kwanza, na baada ya hapo ni rahisi kuvizoea kuliko kuviacha.

La pili, wageni. Wanakuja kukupa pole, wakishakaa: "Hebu tueleze, ilikuwaje?" Wewe unaeleza. Anaingia mwingine, unaanza upya. Watafiti wa Oxford waliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani kwa miaka 3 na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Wale waliokuwa na hofu kubwa tangu mwanzo, kisha wakakalishwa mara moja mapema kusimulishwa ajali na hisia zao, walikuwa na hali mbaya kuliko walioachwa bila kikao hicho. Na hao walikuwa na watu waliosomea kazi! Sembuse shangazi na kikombe chake cha chai. Ukitaka kusema, sema, kwa mtu uliyemchagua, ukikomea unapotaka. Mume wako naye ayakatae makundi ya WhatsApp yanayorusha video za ile ajali, badala ya kukukataza kulia.

Swali: Baba ana miaka 71, yuko Tanga. Pikipiki ilimkwangua akaanguka, kauvimbe kadogo tu kichwani, kakaisha. Sasa ni wiki ya nne, analala mchana kutwa, anasahau majina yetu na mguu mmoja anauburuta. Ndugu wanasema ni uzee.

Jibu: Uzee hauji kwa wiki nne. Mpeleke leo penye sitiskani (CT scan, mashine ya kupiga picha ya ubongo), useme neno "alianguka" mlangoni. Kwa wazee damu inaweza kuvuja polepole chini ya utando wa ubongo baada ya pigo dogo tu la kichwa, na dalili zikaja wiki 3 au zaidi baadaye, hasa kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu au pombe. Mara nyingi inatolewa kwa tundu dogo la fuvu na mtu anarudi kuwaita majina yenu. Ikicheleweshwa inaua.

Swali: Hujambo mama, niko Kisauni. Mwanangu wa miaka sita tulikuwa naye kwenye matatu iliyogongana. Ameanza kukojoa kitandani na siku nzima anagonganisha vigari. Nimchape aache?

Jibu: Usimguse. Mtoto wa miaka sita hana maneno ya hofu, ana kitanda na vigari. Akicheza ajali halafu ikaja ambulensi, watu wakapona, akaenda kula, anajitibu. Akirudia mgongano uleule bila kumalizika, uso umekaza, na imepita mwezi, tafuta msaada wa mtaalamu wa watoto. Daftari lake andika wewe: siku ngapi kwa wiki ameamka mkavu, anapanda gari la shule au analia, anakubali kulala peke yake au hataki. Akiuliza kuhusu aliyekufa, mwambie amekufa. "Amesafiri" kwa mtoto aliyepata ajali safarini ni neno baya kuliko yote.

Swali: Hakuna programu ya simu ya kuandikia hayo?

Jibu: Zipo. Kaunta buku haiishi chaji.

Swali: Niko Dodoma, nimevunjika mkono, hogo halijatolewa. Mtu wa bima amenipigia nikasaini leo anipe laki nne tumalizane. Daftari linasaidia kitu?

Jibu: Usisaini. Ukishasaini "tumemalizana", kidole kitakachogoma kukunja baada ya miezi mitatu ni chako na familia yako. Kwanza hakikisha una PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) iliyojazwa hospitali na nakala zake, risiti zote na jina la kila kliniki uliyohudhuria. Daftari linaonyesha yale ambayo risiti haionyeshi, siku ulizoshindwa kuvaa shati na wiki ulizokosa kazi. Lakini kila dalili unayoandika mwambie pia daktari aiingize kwenye faili, kwa sababu neno lako peke yako litapingwa. Na usitie chumvi. Siku nzuri nazo ziandike, daftari lenye 10 kila siku halimshawishi mtu. Kisheria una miaka 3 ya kufungua madai ya namna hiyo, hivyo haraka ya leo ni ya mwenzako. Muone wakili kabla ya kalamu.

Ila vidole vikivimba, vikibadilika rangi au mkono ukiuma kuzidi ndani ya hilo hogo, achana na bima, kimbia likafunguliwe.

Swali: Mimi sikuwa ndani ya gari. Nina duka barabarani, niliwatoa watu, wengine wakanifia mikononi. Silali bila bia nne. Nina haki ya kujiita mgonjwa?

Jibu: Unayo kaka. Vigezo vya kitabibu vinamhesabu aliyeshuhudia kwa macho, na aliyebeba zaidi. Hakuna anayekuletea pole kwa sababu huna bandeji. Bia inakulaza kwa saa mbili kisha inakuamsha saa nane usiku na zile picha, kwa hiyo kesho zinakuwa tano. Ziandike kila siku kwa idadi, pembeni uandike saa ulizolala, na uende na karatasi hiyo kliniki, useme yote mawili. Ukifika pa kuona heri ungekufa wewe, hilo usiliandike ukalifunga. Mwambie mtu siku hiyohiyo na usilale peke yako.

Swali: Mama, tuandike mpaka lini?

Jibu: Langu liliishia ukurasa wa 61. Nilisahau siku moja, kesho yake tena, wiki ikaisha. Novemba iliyofuata usingizi ulipotea bila sababu niliyoijua, nikalitoa kabatini kutazama tarehe. Nikaandika siku 9 zaidi.