Hita ya maji ya gesi: bafuni isiingie

Mkuu, umeuliza kama hita ya gesi ya lita 6 inaweza kufungwa ndani ya bafu la nyumba unayopanga Kimara, maana fundi kakwambia haina shida, dirisha si lipo. Shida ipo, tena kubwa. Mimi ninayo Tabata, miaka sasa, ila imefungwa ukutani kwa nje, uani, chini ya kibati. Ndani yanaingia maji ya moto tu.

Watu wengi wanachoogopa ni gesi kuvuja. Ni hatari kweli, lakini gesi ya mtungi imetiwa harufu makusudi, pua itakushtua. Balaa la bafuni ni hewa chafu ya hita yenyewe. Oksijeni ikipungua, moto hauungui sawasawa, unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, unadhani ni uchovu wa foleni. Mara miguu inaisha nguvu, na mlango umeufunga kwa ndani. Na hako kadirisha, Julai si ndiyo tunakafunga?

Halafu angalia ukubwa wa moto. Hita ya lita 6 kwa dakika ikiwaka yote inakula karibu kilo moja ya gesi kwa saa. Jiko la plate mbili halifiki hapo. Ndiyo maana mtungi wa kilo 6 unasumbua: ukivutwa kwa kasi hiyo unapoa, unatoka jasho, presha inashuka. Chukua wa kilo 15, ukae nje, wima, kivulini.

Siku ya kufunga usiondoke. Fundi wangu alipomaliza kukaza klipu za mpira alitoa kiberiti mfukoni, eti apime kama inavuja! Nikamzuia, nikaleta maji ya sabuni na mswaki mkuukuu. Tukapaka kwenye regulata, kwenye klipu, na pale mpira unapoingia kwenye hita. Kote kimya, isipokuwa klipu ya chini: vipovu vidogo vinachomoza kimoja kimoja. Akaikaza kidogo, vikakoma. Kila nikibadilisha mtungi narudia zoezi hilo. Mpira ukianza kupasukapasuka ukiukunja, tupa, usiuzungushie solotepu.

Kinachochosha hita za Dar ni maji. DAWASA wakikata tunahamia kisimani, na visima vyetu vingi vina chumvi. Ukoko unaganda ndani ya mirija ya shaba, maji yanapungua, hita inaanza kuunguruma. Fundi aifungue aisafishe kwa siki. Chujio la pale maji yanapoingilia unaweza kulisafisha mwenyewe. Kama unategemea simtanki, kila mita ya kimo inakupa bar 0.1 tu, kwa hiyo soma kibao cha hita kinataka presha gani kabla hujailaumu kwamba haiwaki. Angalia na betri za hita zinazotoa cheche ya kuwashia, mara nyingi ni hizo tu.

Chungulia moto mara kwa mara. Uwe wa bluu. Ukiwa wa njano, au ukiona masizi juu ya hita, zima, usioge hata mara moja mpaka isafishwe. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toka, ndipo upige simu ukiwa nje. Zimamoto ni 114. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni, kwa hiyo usidanganyike na dirisha la juu.

Na wale wa Mikocheni wenye gesi asilia ya bomba: hita ya gesi ya mtungi haiingiliani na hiyo, nozeli (kitundu cha kutolea gesi kwenye moto) ni tofauti.

Mwenye nyumba akikataa kutoboa ukuta ili bomba lipite kutoka kwenye hita ya nje, mkuu, achana nayo. Chemsha maji jikoni, uoge kwa ndoo mpaka utakapohama.