Kazi ya Majaribio ya Siku Tatu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Unasema usaili wa kwanza kule Mikocheni ulikwenda vizuri, sasa wanataka kabla ya Ijumaa uwaletee mabango matatu, video ya sekunde 30 na machapisho ya Instagram ya mwezi mzima, yote ya juisi ya mteja wao. Bure. Unaniuliza ufanye au ukatae.

Unajua nilistaafu kwenye kampuni ya matangazo, ila hujui kwamba miaka sita nilikaa kwenye jopo la usaili, kazi yangu kuandika alama. Mtu akishatoka, hatukuzungumza rangi wala herufi. Tuliulizana tu, "Amejieleza?" Kijana mmoja alileta potfolio, yaani mkusanyo wa kazi zake, inayong'aa. Akaulizwa, "Hapa wewe ulifanya nini?" Kumbe ni kazi ya watu watano, yeye alikata picha. Kukata picha si aibu, lakini angesema mapema. Mwingine alileta menyu ya mgahawa wa shangazi yake Tandale, imepigwa laminesheni, ina mafuta pembeni. Akatueleza kwa nini chipsi mayai aliziweka juu kabisa, na kwa nini bei ziliandikwa kubwa: wateja walikuwa wakiona haya kuuliza, wanaondoka. Tulimchukua siku ile ile.

Sasa hili sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Mwaka 2012 binti mmoja alitufanyia kazi ya majaribio kama hiyo yako. Hatukumwajiri. Miezi michache baadaye, niko kwenye daladala barabara ya Bagamoyo, nikaliona bango letu: msemo ni wake, neno kwa neno. Nilipouliza ofisini nikajibiwa kwamba mawazo hufanana. Nikanyamaza. Mshahara ule ndio uliokuwa ukilipa ada yako.

Kwa hiyo usikatae, ila usiwape vyote. Jaribio la haki huwa dogo: jioni moja, tena kwa bidhaa ya kubuni au kampeni iliyokwisha. Anayetaka machapisho ya mwezi mzima ana mteja anayemsubiri. Waandikie barua pepe, usipige simu, uwaulize kama juisi hiyo inaingia sokoni sasa, na kazi yako ikitumika watakulipa kiasi gani. Kisha peleka bango moja na ukurasa mmoja wa sababu zako. Tuma PDF ndogo isiyofaa kuchapwa, jina lako likipita katikati kwa herufi hafifu. Faili la Illustrator, lile la asili ulilochorea, libaki kwako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaulinda mchoro tangu ulipouchora, hata kama hukuusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Wazo tupu haililindi, ndiyo maana usilimwage mezani kwa mdomo, lipeleke likiwa limeshachorwa na kuandikwa.

Wakikasirika kwa kuulizwa swali la malipo, nipigie kabla hujawajibu.

Na hiyo Ijumaa usivae ile fulana yenye fuvu. Au ivae, labda hao ndio wanapenda hivyo. Baba yako anakusalimu, anauliza kama juisi yenyewe ni ya ukwaju.

Mama yako