Shoga yangu ana shoti, na mimi ndiye msimamizi wake

Shangazi, shikamoo. Nafanya kazi supamaketi moja hapa Mwanza. Tulianza makeshia wanne, tuko kikoba kimoja, na mmoja wao, nimwite Mama Junior, mwanawe nimemsimamia ubatizo mimi. Mwaka huu nikapandishwa kuwa msimamizi wa zamu. Tangu hapo anaingia kazini anavyotaka, nikimuuliza anacheka: "Haya bosi, yaishe." Mara mbili amefunga hesabu na shoti, yaani hela pungufu kwenye droo, kwanza Sh 12,000, kisha Sh 38,000, nikaziba kwa hela yangu ili meneja asijue. Jumamosi imetokea tena, Sh 71,000, na safari hii sina. Makeshia wengine nao wanasema chinichini kwamba shifti nzuri nawapa mashoga zangu. Nifanyeje? Niombe kuhamishiwa tawi lingine?
Msimamizi Mpya, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hela, kuchelewa kutasubiri.

Zile Sh 50,000 ulizoziba hazikumsaidia Mama Junior. Kwenye makaratasi ya ofisi yeye ni keshia asiyewahi kupata shoti, halafu ghafla anaibuka na Sh 71,000 kwa mkupuo. Meneja akifukua na kukuta mbili za nyuma zimezibwa na msimamizi ambaye ni mama wa ubatizo wa mwanawe, hatasema tena ni uzembe. Atasema mmekula njama, na mtaondoka wote wawili. Kwa hiyo utaenda kwa meneja kwa miguu yako, kabla hajakuita, na utamweleza zote tatu.

Lakini kabla ya hapo, kaa chini na ripoti ya Z, ule muhtasari wa mauzo ya siku unaotoka kwenye mashine, ya Jumamosi. Mimi nimestaafu nikiwa kwenye kaunta za maduka ya jumla, na shoti nyingi nilizoziona hazikuwa wizi. Mteja kalipa kwa lipa namba, keshia kabonyeza taslimu: droo itapungua kiasi kilekile, na hela imekaa kwenye simu ya duka, haina habari. Au keshia kabanwa na haja, foleni imefika kwenye friji za maziwa, kamwachia mwenzake mashine bila kuifunga. Linganisha miamala ya simu na risiti, moja baada ya nyingine, na uulize nani mwingine aligusa droo ile. Hela ikionekana huko, kumwandikia barua ya kujieleza ni ya nini tena?

Isipoonekana, barua itoke. Najua inakuuma. Wasimamizi wengi wapya huona kumwandikia rafiki ni kumsaliti, nami siafiki kabisa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinampa mtuhumiwa haki zake: aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aingie kwenye kikao cha nidhamu na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti wa kikao asiwe mtu aliyehusika na jambo lenyewe. Umeona? Kiti hicho si chako. Wewe utaeleza ulichokiona na kuondoka.

Hata kukatwa mshahara kuna utaratibu wake. Mwajiri hawezi kuikata shoti yote mwisho wa mwezi kwa sababu tu amekasirika. Mfanyakazi aelezwe kwa maandishi, apate nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na makato yasivuke robo ya mshahara. Haya yote Mama Junior aliyakosa ulipokuwa ukimzibia kimyakimya.

Sasa kuchelewa. Usimsemeshe kaunta mbele ya wateja, wala kwenye kikoba, wala kwenye grupu la WhatsApp. Mwite stoo, mkae wawili. "Mama Junior, Jumatatu umeingia saa mbili na nusu, Alhamisi saa tatu kasorobo. Zamu inaanza saa moja na nusu. Kuna nini?" Hapo nyamaza umsikilize, maana huenda dada wa kazi kaondoka na hana wa kumwachia mtoto. Kama ni hivyo, mbadilishie zamu, lakini iwe wazi, na mwingine mwenye shida kama hiyo naye apewe. Kama hana sababu, mwambie kuanzia kesho kila anayechelewa anaandikwa kwenye daftari, na jina lake litaandikwa vilevile. Atakuambia umebadilika, cheo kimekupanda kichwani. Mwache aseme. Usianze kujitetea, na habari za ubatizo usiziingize kabisa.

Hao wanaonung'unika, mimi siwalaumu. Chukua ratiba za miezi hii uhesabu nani kapata ofu za Jumapili na nani kafunga duka usiku. Jina la Mama Junior likiwa halionekani kwenye zamu za kufunga, basi wamesema kweli. Bandika ratiba ukutani wiki mbili kabla, na zamu ya usiku izunguke kwa wote. Anayetoka saa tatu usiku kwenda Kisesa anahangaikia daladala ileile, awe shoga yako au asiwe.

Kikoba usitoke, utakuwa umewakimbia bure. Ila ufunguo wa sanduku, kama unao wewe, wape wengine, na Mama Junior akitaka mkopo aombe kwa kikundi, si kwako pembeni.

Na uhamisho uondoe kichwani kwa sasa. Ukihama wiki hii, msimamizi atakayekuja ataikuta Sh 71,000 mezani, ataanza kuuliza, na wewe utaitwa kutoka huko kwenye tawi jipya uje ueleze zile Sh 50,000 mbele ya watu ambao hata hawakujui.