Alimentasio mbili, ampli moja: kwa nini moja inaungua na nyingine inalala?

SWALI

Papa Fundi, jambo. Mimi ni fundi wa redio ndogo ya FM hapa Bukavu. Ampli yetu (kikuza mawimbi kabla ya antena) ya wati 500 inataka volti 48. Sokoni Kadutu nilipata alimentasio mbili (vifaa vya kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti za ampli), zile nyepesi za sanduku la bati lenye matundu, kila moja volti 48, ampea 10. Moja peke yake haiwezi: inawaka, inazima, inawaka, inazima. Nikaziunganisha zote, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Sasa moja inachoma mkono, nyingine iko baridi kabisa. Umeme ukikatika na kurudi, kuwaka na kuzima kunaanza upya. Mwenzangu anasema niweke diodi tu (kile kinachopitisha umeme upande mmoja), yataisha. Na kuna jamaa ananiuzia ya tatu, iliyotoka kwenye mnara wa simu. Niichukue?

JIBU

Jambo, mdogo wangu. Tuanze na hesabu. Ampli ya FM iliyotengenezwa vizuri hutoa kwenye antena kama asilimia 70 ya inachokula. Kwa wati 500 itakula karibu wati 715, yaani ampea 15. Na FM haipumziki: mtangazaji akinyamaza, ampea ni zile zile. Ile ya ampea 10 ilipokuwa peke yake ilijizima ili kujilinda, na ilifanya vema.

Mbili zinatosha, ila haziambiani. Kila moja inapima volti mdomoni mwake tu. Tuseme moja imewekwa 48.3 na nyingine 48.0. Hii ya 48.0 ikipima inakuta volti tayari zimezidi ilizoagizwa, inaona hakuna kazi, inalala. Mwenzake anabeba mpaka kikomo chake, na huyu anaokota mabaki tu. Usidharau hiyo 0.3. Waya wa milimita 2.5 za mraba, mita moja ya kwenda na moja ya kurudi, una omu 0.014 hivi. Gawanya 0.3 kwa 0.014: ili zote mbili zifanye kazi, ya kwanza ingebidi iizidi ya pili kwa ampea 21. Mzigo wenyewe haufiki hapo!

Weka rezistansi (kipande kinachozuia umeme kidogo) ya omu 0.1 kwenye waya wa chanya wa kila alimentasio, kabla nyaya hazijakutana. Sasa 0.3 hiyo hiyo inaleta tofauti ya ampea 3 tu: moja 9, nyingine 6. Joto lipo, kwa sababu 9 mara 9 mara 0.1 ni wati 8, kwa hiyo tafuta rezistansi za wati 25 na uzifunge juu ya chuma. Ukikosa za 0.1, mbili za 0.22 zikiwekwa sambamba zinafaa.

Kisha rekebisha volti. Tenganisha alimentasio, washa moja moja, iache robo saa ipate joto. Pembeni ya taa ya kijani kuna skurubu ndogo. Igeuze kwa turnavisi (bisibisi) ya plastiki, kidogo sana, huku ukitazama mita. Tumia mita ile ile kwa zote mbili, maana kila mita ina uongo wake. Ukizifikisha ndani ya volti 0.05, mgawo unakuwa 7.75 kwa 7.25. Hapo mimi naacha. Kifuniko usikifungue: kondensa za ndani (zinazohifadhi umeme) hubaki na volti 300 na zaidi hata ukichomoa plagi.

Mwenzako wa diodi hajakosea kabisa, ila anatibu ugonjwa mwingine. Diodi inazuia alimentasio iliyokufa isivute nzima chini. Kugawa mzigo haijui; tena ikipata joto inapitisha kwa urahisi zaidi, na aliyebeba kingi anazidi kubebeshwa. Iweke baada ya rezistansi, si badala yake.

Sasa umeme unaporudi. Alimentasio haziamki pamoja. Ya kwanza kuamka inakutana na ampea 15 peke yake, inajizima. Ya pili inaamka, yanaikuta yale yale. Hata rezistansi haitibu hili. Weka relei ya kuchelewesha (swichi inayoendeshwa na umeme), sekunde 5, inayozuia mawimbi ya eksaita (kifaa kinachoyatengeneza mawimbi ya redio) yasiingie kwenye ampli mpaka zote mbili ziwe zimesimama. Wengi hapa mjini wanabadilisha alimentasio nzima kwa tatizo la relei moja.

Ya mnara wa simu, pole pole. Nyingi huwekwa karibu volti 54, kwa sababu kazi yake ni pamoja na kuchaji betri. Ukiifunga na hizi mbili, itabeba yote, na ampli itapata volti ambazo pengine transista zake hazikuandaliwa. Kama inaweza kushushwa hadi 48 na muuzaji akakuonyesha hapo hapo kwa mita, ichukue, nayo uipe rezistansi yake. Zikiwa tatu, kila moja inabeba ampea 5, na moja ikifa usiku redio haizimi. Kama hawezi kukuonyesha, mwachie.