Kinyama kwenye mlango wa kizazi: mimi nilichelewa miezi saba

Juzi usiku nimepokea ujumbe: "Shikamoo dada. Nimepimwa, naambiwa nina kinyama kwenye mlango wa kizazi. Ndiyo natolewa kizazi?" Nimeusoma mara tatu. Swali hilohilo nililala nalo miezi saba bila kumuuliza mtu.

Nilikuwa na miaka 43, watoto watatu. Ndiyo rika lenyewe, kwani vinyama hivi hupenda waliozaa, wa miaka 40 na 50. Ilianza kwa matone ya damu baada ya tendo la ndoa. Hayakuuma, nikajipa moyo kuwa hedhi imevurugika. Mume wangu akaanza kulala ameelekea ukutani. Wifi yangu (simtaji, anasoma hapa) akasema damu ya hivyo haiji bure, nina nilikopita. Nikanunua dawa ya kusafisha kizazi, chupa nne. Damu ikazidi, na uchafu juu yake.

Hospitali nilikwenda kwa kile kipimo cha siki tu, cha kuchunguza dalili za saratani kwenye mlango wa kizazi. Nesi akachungulia, akanyamaza, kisha: "Mama, kuna kinyama chekundu hapa, kama ncha ya kidole cha mtoto." Kilikuwa kinaning'inia kwa kikonyo chake. Daktari akakibana, akakizungusha mpaka kikanyofoka. Nilihisi kuvutwa, kama tumbo la hedhi, basi. Hata ganzi sikuchomwa. Kizazi ninacho mpaka leo.

Kikapelekwa maabara, na hapa nasema kwa sauti: usikubali kitupwe! Vingi mno si saratani, lakini kwa macho hakuna wa kuapa, na saratani nayo huanza na damu hiyohiyo. Aliyekoma hedhi kisha akaona damu asingoje hata wiki. Ukiambiwa ni vijipu vyeupe vya ute ulioziba kwenye tezi, hivyo ni kitu kingine, kwa kawaida huachwa vilivyo.

Jamani wanawake, tunajua kuvumilia kuliko kupima! Ada ya shule tunaikumbuka, marejesho ya kikoba tunayakumbuka, mwili wetu mpaka utoe damu. Na vinyama vingi havitoi hata hiyo damu. Mtu hukutwa navyo akipimwa jambo jingine. Nenda upimwe. Narudia, nenda.

Wewe uliyeniandikia, kabla hujatoka uliza majibu ya maabara yanatoka lini, uiandike tarehe. Yangu yalichukua wiki tatu, yakaja safi. Wifi hajaomba radhi.