Namba zilizopitishwa SHA-256: je, zimefichika kweli?

Swali: Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu safari za watu kati ya Dar es Salaam na Unguja na mchango wake katika kusambaa kwa malaria. Kampuni ya simu imekubali kunipa rekodi za miito za miezi mitatu. Wanasema kila namba imepitishwa kwenye SHA-256 (kanuni inayoigeuza kuwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, yaani hashi), kwa hiyo hakuna anayeweza kutambulika na naruhusiwa kukaa na faili kwenye kompyuta yangu. Kamati ya maadili inataka nithibitishe hilo kwa maandishi. Nithibitishe vipi? Na nikishapata data, nianzie wapi?

Jibu: Usiithibitishe, ndugu, maana si kweli. Namba ya Tanzania ni 255 na tarakimu tisa, na za simu za mkononi huanza na 6 au 7. Tarakimu nane zinazobaki hutoa namba milioni 100 kwa kila mwanzo, jumla milioni 200. SHA-256 hairudi nyuma, sawa, lakini hakuna haja ya kuirudisha: mtu huzipitisha namba zote milioni 200, akahifadhi majibu, kisha akalinganisha na faili lako. Kompyuta ya kawaida humaliza kazi hiyo kwa dakika chache, na kadi ya michoro ya kuchezea gemu hata sekunde haifikishi. Namba ikishapatikana, jina haliko mbali. Kila anayetuma pesa kwa simu ameshaona jina la mpokeaji likitokea kabla hajaweka namba ya siri.

Kama kamati haiamini, tafuta laini yako mwenyewe ndani ya faili (ya mtu mwingine usiiguse bila ridhaa yake). Ipitishe namba yako SHA-256 kwa miundo yote: 2557…, +2557…, 07… na 7…. Hapa wengi huteleza. Amri ya echo, inayotumika kuipeleka namba kwenye SHA-256, ikiwa bila -n huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, hashi inabadilika yote, na mtafiti anahitimisha kuwa faili ni salama kumbe alitafuta kitu kingine. Tumia printf.

Waombe watumie HMAC-SHA256, yaani hashi inayochanganywa na ufunguo wa siri, yenye ufunguo wa baiti 32 za nasibu, ufunguo ubaki kwao na ufutwe mradi ukiisha. Chumvi (data ya nasibu inayoongezwa kwenye namba kabla ya kupata hashi) iliyowekwa ndani ya faili lenyewe haisaidii, kwa kuwa mwenye faili anayo. Na wasisahau safu nyingine. IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ina tarakimu 15, lakini nane za kwanza ni za modeli ya simu na ya mwisho ni ya uhakiki, hivyo kila modeli ina namba milioni moja tu za kujaribu. IMSI, namba ya utambulisho ya laini, nayo huanza na 640 kwa laini za Tanzania, ikifuatiwa na msimbo wa mtandao. Kama huzihitaji, na kwa utafiti wako huzihitaji, ziondolewe kabisa.

Hata ukifanya yote hayo, safari zenyewe humtaja mtu. Mwaka 2013 mtafiti de Montjoye na wenzake walichunguza data za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, wakakuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtenga mtu mmoja katika asilimia 95 ya mifano. Kukuza eneo au kupanua muda kulisaidia kidogo mno. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: rekodi ghafi zisitoke kwenye seva ya kampuni. Wewe wapelekee skripti, wao wakurudishie jedwali la siku, wilaya ya kutoka, wilaya ya kwenda na idadi ya laini, huku kila idadi iliyo chini ya kiwango fulani, tuseme 15, ikifutwa. Kwenye fomu andika kwamba ni taarifa binafsi zenye vitambulisho bandia, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu.

Ukaguzi wa jedwali usiuachie jicho la mtu. Andika jaribio linalojiendesha kila linapotolewa: lisake mfuatano wowote wa tarakimu tisa au zaidi, likatae idadi iliyo chini ya kiwango, kisha litoe jumla za wilaya kwenye jumla ya mkoa. Hili la mwisho ndilo husahaulika. Wilaya moja ikifutwa na jumla ya mkoa ikaachwa, kutoa tu kunarudisha kilichofichwa.

Sasa uchambuzi. Kwanza uliza saa za faili ni za wapi. Zikiwa za UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Tanzania kwa saa tatu), saa moja usiku yako imeandikwa 16:00. Ukikadiria makazi kwa mnara uliotumika zaidi kati ya 19:00 na 07:00 bila kuongeza saa tatu, kumbe umechukua saa nne usiku hadi saa nne asubuhi, na sokoni pamegeuka nyumbani.

Pili, simu iliyotulia katikati ya minara miwili hurukaruka kati yake. Unganisha rekodi za A–B–A (mnara A, kisha B, kisha A tena) zilizopishana dakika chache, na kwa Unguja hesabu kwa wilaya badala ya mnara. Mawimbi husafiri mbali juu ya maji, na simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo, basi weka na kipimo cha muda: boti ya mwendo kasi huchukua karibu saa mbili na ndege kama dakika ishirini, hivyo laini iliyovuka kwa dakika tano haikusafiri.

Mwisho, laini si mtu. Wengi wana laini mbili au tatu na huweka hewani ile yenye bando au inayoshika vizuri alipo. Akifika ng'ambo akabadilisha, kwako ametoweka. Utafiti wa Zanzibar wa 2009 uliotumia rekodi za kampuni ya simu ya Zantel za Oktoba hadi Desemba 2008, laini kama 770,000, ulikuwa na mtandao mmoja tu vilevile. Ripoti uwiano wa safari kati ya maeneo, usizidishe ili kupata idadi ya abiria. Ukitaka idadi hiyo, linganisha na hesabu za bandarini.