Nina mimba na natamani udongo tu. Je, ni haramu kuula?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mkaazi wa Likoni, Mombasa, nina mimba ya miezi mitano. Tangu itunge sitamani wali wala samaki, ila udongo wa kula unaouzwa sokoni Marikiti. Naufunga kwenye pindo la leso na kuutafuna hata usiku wa manane. Mume wangu asema ni haramu. Mama mkwe asema mimba ndiyo itakayo, nikiinyima mtoto atazaliwa na alama. Nimsikilize nani?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah, mwanangu.

Udongo si najisi. Ndio huohuo tunaotayamamia maji yakikosekana. Lakini si kila kilicho tohara ni chakula. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameuweka udongo fungu moja na mawe, vioo na sumu, vitu vilivyokatazwa kuliwa kwa sababu ya madhara yake. Dalili yao ni kauli ya Mola katika Suratun Nisaa, aya ya 29: "Wala msijiue. Hakika Mwenyezi Mungu ni Mwenye kukurehemuni." Zipo pia hadithi za kutisha juu ya mla udongo, lakini Imam Bayhaqi, bingwa wa hadithi, amesema hakuna iliyo sahihi katika hizo, basi usitishwe nazo. Hukumu inakwenda na madhara.

Na madhara yapo, tena kwa wawili. Udongo huweza kubeba mayai ya minyoo, na mwingine una madini ya risasi, ambayo hupita kwa mama yakamfikia mtoto tumboni. Hufunga choo. Kubwa zaidi, huzuia chuma kilichomo katika chakula kisiingie mwilini, na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Kwa hivyo jibu langu ni kuwa uuache.

Lakini sikuoni kuwa mkosefu, mwanangu. Uchu huu mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Nenda kliniki wiki hii, useme wazi kwamba unakula udongo, usione haya, wakupime damu na choo. Vile vidonge vya kuongeza damu, vyenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki, vimeze kila siku kama utakavyoelekezwa. Wengi huviacha kabatini kwa kuwa vinatia kichefuchefu; ukiona hivyo, mwambie muuguzi.

Katika chakula, Pwani hatukunyimwa. Kuna mbaazi, kunde, mchicha, dagaa, samaki aliyeiva vizuri, na nyama ikipatikana. Kamulia ndimu, maana husaidia chuma kuingia. Chai nayo, ambayo sisi hatuamki bila yake, usiinywe pamoja na chakula wala vidonge. Iache ingoje kama saa nzima. Na uchu ukikujia usiku, weka tende karibu na kitanda. Bibi Maryam aliposhikwa na uchungu aliambiwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, kisha: "Basi kula, na kunywa, na litue jicho lako."

Mama mkwe usimjibu kwa ukali, anakupenda na anamwonea huruma mjukuu wake. Lakini alama haziletwi na kitu ulichojinyima. Allah amesema katika Aal Imran, aya ya 6, kuwa Yeye ndiye anayetuunda matumboni mwa mama zetu apendavyo.

Neno la mwisho ni la mumeo, na naomba umsomee. Amesema kweli kwamba udongo uachwe, lakini kusema haramu hakumtoshi. Katika Suratut Talaq, aya ya 6, Allah amewaamuru waume wawagharimie hata wake waliowataliki, wakiwa na mimba, mpaka wajifungue. Itakuwaje mke aliye ndani ya nyumba yake? Akipita Marikiti jioni, arudi na fungu la mchicha, kunde na ndimu mbili tatu, na siku ya kliniki avuke nawe feri ikiwa ni ng'ambo.

Wallahu aalam.